LC50 ya panya kwenye karatasi ya usalama ya gundi: inamhusu vipi fundi anayevuta mvuke wake kila siku?

#1 FundiKabati

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi makabati, karakana iko Dar, tupo sita. Tunakata MDF na plaiwudi tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mwezi uliopita bosi kanunua presi ya joto ya mtumba, sasa vinia (zile ngozi nyembamba za mbao) tunagandisha wenyewe kwa gundi ya yurea-fomaldehidi. Siku ya kwanza tulipofungua presi macho yalituwasha wote, dogo mmoja akatoka nje anatiririka machozi kama kafiwa. Muuzaji wa gundi nikampigia, akasema "mtazoea tu".

Nikambana anipe karatasi ya usalama wa kemikali, akanirushia kurasa kumi na kitu kwa WhatsApp. Nyingi nimeelewa kwa kubahatisha, ila kipengele cha 11 kimenishinda:

Fomaldehidi, kuvuta kwa pumzi, LC50 panya, saa 4: 480 ppm

Bosi kaisoma akacheka. Anasema karakana yetu haifiki hata 5, kwa hiyo tuko salama karibu mara mia. Hesabu yake naiona iko sawa, lakini macho yangu yanagoma. Wajuvi naombeni mnielekeze kwa lugha nyepesi.

#2 Mzee wa Kijiwe

Panya hao ni wale wa SUA wanaonusa mabomu au ni panya road? Nimeshaweka kiti, wataalamu waje.

#3 Dokta Mchongo

Mkuu ni rahisi sana. LC50 ni kiwango ambacho ni salama kwa asilimia 50. Chini ya hapo hakuna tatizo. Bosi wako yuko sahihi, macho ni vumbi la MDF hilo. Tumia miwani.

#4 Zamu ya Usiku

Fundi, usilale na hayo maelezo ya hapo juu.

LC50 haina undugu na neno salama. Ni kiwango cha kemikali hewani kinachoua nusu ya wanyama waliokivuta. "480 ppm, saa 4" maana yake panya wameshindishwa saa nne kwenye hewa yenye sehemu 480 za fomaldehidi kwa kila sehemu milioni, na hesabu ikaonyesha kwamba hapo nusu yao hufa. Habari iliyomo imeishia hapo. Waliobaki hai hawakuulizwa hali zao.

Nimeifanya kazi hii. Miaka sita nilikuwa fundi wa maabara huko Ulaya, idara ya sumu za kuvuta, jina la maabara haliwasaidii. Niwape picha, maana watu wanadhani panya anafungiwa kwenye boksi anapuliziwa dawa kama mende.

Chombo chenyewe ni kama pipa jembamba la chuma lililosimama, lina matundu pande zote. Kila tundu linapachikwa mrija wa plastiki angavu, ndani ya mrija panya mmoja, pua imechungulia ndani ya pipa, mkia umetokea nyuma. Kwa mbali utadhani ni ule mti wa kuanikia vikombe. Hewa yenye kemikali inaingia katikati, inapita kwenye kila pua, inafyonzwa nje. Kwa nini pua peke yake? Kwa sababu ukimweka mzima mzima kwenye chemba, kemikali inatua kwenye manyoya, na panya ni mtu wa usafi, atajilamba usiku kucha. Akifa hujui kauawa na alichovuta au alicholamba.

Mrija nao una shida zake. Panya hapendi kubanwa, akihangaika anapata joto, na joto peke yake linaweza kumuua. Kwa hiyo kwa kawaida siku kadhaa kabla unamzoesha mrija mtupu, leo dakika chache, kesho zaidi. Na kuna kundi la pembeni ambalo linakaa kwenye mirija ileile, saa zilezile, linavuta hewa safi. Bila hao huna kesi.

Kipimo cha kawaida cha kimataifa ni kile cha OECD namba 403, cha tangu 1981, kikaandikwa upya 2009. Humo mna joto la chumba, unyevu, oksijeni isishuke chini ya asilimia 19, vitu kama hivyo. Ila kinachowatoa watu jasho ni kujua panya kavuta kiasi gani hasa. Kuna kiasi ulichokipeleka kwenye pipa na kuna kiasi kilichofika puani, na viwili hivyo havilingani hata siku moja. Fomaldehidi ndiyo mkorofi kabisa. Ikikuta bomba la baridi inaganda unga mweupe, ukipitisha kidole kama chokaa ya ubaoni. Huo wote uliouona bombani panya hakuuvuta. Kwa hiyo unachota hewa palepale puani na kuipima, tena na tena, saa zote nne. Ripoti ambayo imeandika kiasi kilichopelekwa tu, bila kilichopimwa puani, mimi siisomi.

#5 Binti Saidi

Kaka Zamu, hao panya wanakufa ndani ya hizo saa nne au baadaye? Na wewe ulikuwa unakaa unawatazama?

#6 Zamu ya Usiku

Dada Binti Saidi, wengine mlemle, wengine baadaye. Ndiyo maana wakitoka kwenye mirija wanaangaliwa siku 14. Kuna gesi kama fosjeni, haiyeyuki vizuri kwenye maji kwa hiyo pua na koo haziikamati, inateremka hadi chini kabisa ya mapafu. Mnyama anatoka akionekana mzima, anakula, halafu baada ya saa kadhaa mapafu yanajaa maji. Ukifunga daftari siku ileile utaandika kwamba hakufa.

Na ndiyo, tulikuwa tunakaa tunatazama. Unaandika anavyopumua, anavyohema kwa mdomo wazi, uzito wa kila mnyama. Wiki yangu ya pili pale niliona panya wana wekundu puani na kuzunguka macho, nikajua damu inatoka, nikasimamisha jaribio zima nikamwita bosi mbio. Kumbe ile siyo damu. Panya ana tezi nyuma ya jicho inayotoa ute wenye rangi nyekundu, akipata msongo unamtoka kama machozi. Hata wa kundi la hewa safi walikuwa nao. Nilichekwa mwezi mzima.

#7 Mdau wa Likoni

Huku kwetu karakana nyingi tunaambiwa vaa barakoa ya vumbi. Hiyo inasaidia kwa hii gesi ama ni kujifurahisha?

#8 Zamu ya Usiku

Vumbi inazuia. Gesi inapita kama mbu kwenye dirisha lisilo na wavu. Unahitaji ile yenye kichujio cha gesi, kimeandikwa kabisa kwamba ni cha fomaldehidi, na kina muda wake wa kubadilishwa.

#9 FundiKabati

Zamu, ubarikiwe. Kwa hiyo 480 ni ya kufa ndani ya saa nne. Sasa sisi hatufi, ila tunavuta kidogo kidogo miaka. Hiyo namba iko wapi? Kwenye karatasi sijaiona.

#10 Dokta Mchongo

Kidogo kidogo mwili unasafisha. Ni kama pombe.

#11 Zamu ya Usiku

Fundi, hilo ndilo swali lenyewe, na kwa fomaldehidi lina jibu la panya ambalo lilitikisa dunia ya kemikali. Chukua chai.

Kwanza tukubaliane lugha. Kiswahili chetu kinamwita panya yule mkubwa wa maabara na yule mdogo jina moja, na katika habari hii tofauti yao ndiyo kila kitu. Mkubwa nitamwita panya, mdogo nitamwita kipanya. Mzee wa Kijiwe usinianze, siyo kile cha kupandia Mbagala.

Mwaka 1974 kampuni za kemikali za Marekani zilichanga fedha zikaanzisha taasisi yao ya utafiti wa sumu, ikaitwa CIIT, makao yake North Carolina. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa fomaldehidi. Jaribio lenyewe lilifanyika kwa mkataba kwenye maabara ya Battelle, Columbus, Ohio. Panya kama 240 kwa kila kundi, nusu madume nusu majike, na vipanya idadi hiyohiyo. Makundi manne: hewa safi, 2 ppm, 5.6 ppm na 14.3 ppm. Saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hadi miezi 24. Yaani ratiba ya mwajiriwa kabisa, na jumamosi anapumzika.

Angalia hizo namba Fundi. Kiwango cha juu kabisa ni 14.3. Kilinganishe na ile 480 ya karatasi yako, ni mara 33 chini. Kwa hesabu ya bosi, panya wa kundi lile walikuwa peponi.

Oktoba 1979, kabla jaribio halijaisha kuchambuliwa, CIIT wakaanza kutoa taarifa kwamba kuna kitu kwenye pua. Matokeo kamili yakachapishwa 1983. Kundi la 14.3 ppm: panya 103 wana saratani ndani ya pua, majike 52 na madume 51. Kundi la 5.6: panya 2. Kundi la 2 ppm: hakuna. Hewa safi: hakuna.

Saratani ya namna hiyo puani mwa panya wasiovuta kitu ni nadra mno, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha. Na kumbuka waliolipia jaribio ni wenye viwanda wenyewe.

Kuipata saratani yenyewe ni kazi ya mikono. Pua ya panya ni mfupa wenye mikunjo mikunjo ndani kama karatasi iliyosokotwa. Unaisafisha kwa kupitisha dawa ya kuhifadhi kutokea nyuma ya koo mpaka itokee puani, unalainisha mfupa kwa asidi siku kadhaa, ndipo unaukata vipande vya kukingama, kimoja baada ya kingine kuanzia nchani kwenda ndani. Ukikata sehemu isiyo sahihi, uvimbe unaupita. Na dawa ya kuhifadhi ni ipi? Fomalini. Ambayo ni fomaldehidi ndani ya maji. Pua iliyoumizwa na fomaldehidi inahifadhiwa kwa fomaldehidi, na aliyeshika kisu anaivuta.

#12 Mzee wa Kijiwe

Umetisha mkuu. Vipanya je? Umewaruka.

#13 Zamu ya Usiku

Sijawaruka, nilikuwa najaza maji kwenye birika.

Vipanya wa 14.3 ppm: wawili tu, madume. Panya 103, vipanya 2, gesi ileile, saa zilezile. Watu wakagawanyika. Wengine wakasema ona, kipanya hapati, kwa hiyo ni udhaifu wa panya, binadamu asiogope.

Kumbe kipanya alikuwa amebana pumzi. Fomaldehidi ikimgusa neva za puani, anapunguza kupumua mara moja. Wakapima: kwenye kama 15 ppm kipanya anapunguza hewa anayoingiza kwa asilimia 75 hivi, panya anapunguza 45 hivi. Kipanya anasinzia hivi, anapumua taratibu, anasubiri balaa lipite. Panya anaendelea kuvuta. Wakapiga hesabu ya kiasi kilichotua kwenye nyama ya pua, wakakuta kipanya kwenye 14.3 anapata karibu sawa na panya kwenye 5.6. Sasa rudi ukatazame: panya wa 5.6 walipata saratani wangapi? Wawili. Vipanya wa 14.3? Wawili. Siku niliyoelezwa hili na mzee mmoja pale kazini niliacha kula sandwichi yangu.

Hii tabia ya kipanya kubana pumzi ilishatumika kama kipimo kabla ya hapo. Yves Alarie wa Pittsburgh alikuwa anatafuta kiwango kinachompunguzia kipanya mwendo wa kupumua kwa nusu, ndicho anakipima uwashaji. Kwa fomaldehidi kinaangukia ppm 3 mpaka 5 hivi. Mnyama anakwambia hewa imeharibika kabla hajaumwa.

Fundi, wewe huwezi kubana pumzi zamu nzima. Ila macho yako yanafanya kazi ya pua ya kipanya.

#14 Jirani Mwema

Mimi nasoma hapa nasikia vibaya. Wanyama karibu elfu mbili wamevutishwa sumu miaka miwili ili tujue kinachowasha macho kinadhuru? Si wangeuliza tu wafanyakazi wa kiwandani?

#15 Zamu ya Usiku

Jirani, sikulaumu. Mimi mwenyewe niliacha ile kazi, na sababu mojawapo ni hiyo.

Ila wafanyakazi waliulizwa, tena sana. Marekani walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 25,000 wa viwanda 10. Tatizo la binadamu ni kwamba anavuta sigara, anahama kazi, na hakuna aliyepima hewa yake mwaka 1950. Shirika la utafiti wa saratani la kimataifa lilikuja kuiweka fomaldehidi kundi la kwanza, yaani saratani kwa binadamu imethibitika, mwaka 2004. Panya walisema 1979. Hiyo miaka 25 katikati ilijaa watu wenye majina na watoto.

Na panya hawakusikilizwa kirahisi pia. Mwaka 1982 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilipiga marufuku povu la fomaldehidi la kujazia kuta za nyumba. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikaitupa marufuku hiyo, na hoja mojawapo ni kwamba jaribio moja la panya kama 240 ni dogo mno kukisia hatari kwa usahihi. Sasa ukitaka kuwafurahisha majaji unaongeza panya, ukitaka kumfurahisha Jirani unapunguza.

Kwa upande wa kile kipimo cha kifo, wamepunguza kweli. Kuna njia ya hatua kwa hatua, wanyama sita tu kwa hatua, na nyingine ambayo hakuna kusubiri mnyama afe kabisa, unasimama dalili kali zikionekana. Kwa maoni yangu ile LC50 ya zamani ya kuua makundi kwa makundi ili upate namba moja nzuri ilikuwa ufujaji. Jaribio la Columbus silisemi hivyo.

#16 Mhasibu wa Mchanga

Mimi mahesabu. Kama ni wingi wa gesi mara muda, basi 5 ppm kwa saa 8 ni 40. 14.3 kwa saa 6 ni 86 hivi. Kwa hiyo Fundi yuko kwenye nusu ya panya wa 103. Nimekosea?

#17 Zamu ya Usiku

Unayoitumia ni kanuni ya Haber, Mjerumani yuleyule wa gesi za vita vya kwanza: wingi mara muda ni sawa na madhara. Kwa baadhi ya gesi inakaribia ukweli. Kwa fomaldehidi inavunjika vibaya.

Walijaribu hivi: 3 ppm kwa saa 12, 6 ppm kwa saa 6, 12 ppm kwa saa 3. Zote zinazaa 36. Wakaangalia seli za pua zinavyojigawa kwa haraka kuziba majeraha. Wa 12 kwa saa 3 walikuwa hoi kuliko wote. Kinachoumiza zaidi ni ukali wa ule mkupuo, urefu wa muda unafuata nyuma.

Baadaye CIIT walirudia jaribio la muda mrefu kwa viwango vingi zaidi, wakachapisha 1996. Saratani ya pua ilikuwa sifuri kwenye 0.7 na 2 ppm, asilimia 1 kwenye 6, kisha 22 kwenye 10, na 47 kwenye 15. Umeona mstari ulivyolala halafu ukainuka ghafla kama ukuta? Maadamu pua inaweza kujisafisha inajisafisha, ikishindwa inashindwa kwa mkupuo. Kwa hiyo Dokta Mchongo kidogo ana hoja na pombe yake, ila hajui glasi ni ya ukubwa gani.

Fundi, kwenu mkupuo ni ile dakika mnapofungua presi. Wastani wa siku unaweza kuwa 1, na dakika ile ikawa mbali kabisa.

#18 Kaka wa Baridi

Naomba niingie. Nipo mochwari mwaka wa kumi na moja, hospitali sitaitaja. Fomalini tunachanganya kwenye ndoo, dirisha moja, feni iliungua zamani na barua nimeandika mpaka nimechoka. Mwanzoni nilikuwa nalia, sasa hivi sisikii hata harufu. Nilidhani ndiyo kuzoea.

#19 Zamu ya Usiku

Kaka, pole sana na kazi. Pua imechoka kusikia, gesi iko palepale. Marekani waliwafuatilia watu wa kazi yako, wanaohifadhi maiti, wakakuta waliofanya miaka mingi zaidi wanahusishwa na vifo vingi zaidi vya aina fulani ya saratani ya damu. Mwaka 2009 hiyo. Sikutishi, nakwambia ili barua ijayo uiandike na jambo hilo ndani. Wakati feni haijaja, changanyia nje upande ambao upepo unakupa mgongo, na ndoo iwe na mfuniko. Ukimaliza tu, funika.

#20 FundiKabati

Wakuu nimerudi. Nilisoma uzi wote kwa sauti karakana, pamoja na ile ya 103.

Halafu nikafungua karatasi kipengele cha 8, ambacho mwanzo nilikiruka. Kuna viwango vya mahali pa kazi, wameweka vya Marekani: 0.75 ppm wastani wa saa 8, na 2 ppm kwa dakika 15. Bosi akauliza mbona hii haifanani na 480. Nikamwambia ile ni ya kufa, hii ni ya kufanya kazi. Akanyamaza.

#21 Zamu ya Usiku

Hapo umeelewa kuliko wengi niliofanya nao kazi. Wakala wa usalama mahali pa kazi hapo kwetu waite wapime hewa, na waambie wapime presi ikifunguliwa, wasipime saa ya chakula. Na MDF mkinunua ulizeni yenye alama ya E1, hiyo bodi nayo imepimwa ndani ya chemba, haitakiwi kutoa zaidi ya kama 0.1 ppm.

#22 Dokta Mchongo

Mimi nilisema atumie miwani. Miwani si vibaya.

#23 FundiKabati

Leo bosi kasimama mwenyewe mbele ya presi. Tukafungua. Kakaza uso kama dakika mbili, anajifanya anakagua vinia, halafu katoka nje anafuta macho kwa kola ya shati. Jioni kaja na tepu anapima ukuta wa nyuma, anataka tundu la feni futi mbili kwa mbili. Kesho tunavunja matofali.

Kaka wa Baridi, nitumie vipimo vya dirisha lenu inboksi. Fremu ya feni nitakutengenezea, mbao zipo.